Maji Yanageuka Mvuke Wapi? Utatuzi wa matatizo ya udongo unaokauka na vipimo vya joto la ardhini

Bustani yangu iko Tongoni, kusini mwa mji wa Tanga, ukishika barabara ya Pangani. Upande wa juu, karibu na barabara, udongo ni mchanga mtupu. Ukishuka kuelekea mikoko unakuta mfinyanzi mweusi unaong'ang'ania jembe. Vipande hivi viwili vimeachana hatua mia mbili tu, lakini kila kimoja kinapoteza maji kwa namna yake, na hilo ndilo lililonifanya nianze kupima. Nilianza na kipande cha bomba na mizani ya jikoni, nikaja kwenye vipimajoto, mwishowe nikaazimwa kisahani cha kupimia mtiririko wa joto ardhini.

Wanaoniuliza maswali ni wa aina mbili. Kuna mkulima anayeona udongo wake unakauka asielewe kwa nini, na kuna kijana wa chuo au bwana shamba mwenye vifaa ambaye namba zinamkatalia. Nimewaweka pamoja kwa sababu mara nyingi wanaumwa ugonjwa mmoja: hawajajiuliza maji yanageuka mvuke mahali gani, kwenye uso wa udongo au chini yake. Ukilijua hilo, nusu ya dalili zilizo hapa chini zinajieleza zenyewe.

Udongo mzima unakauka hivi

Baada ya mvua nzuri, uso ni mweusi na maji yanapanda kutoka chini kupitia nafasi ndogo ndogo zilizo kati ya chembe, kwa kasi ile ile yanayopotea hewani. Muda huo udongo hauna usemi. Jua na upepo ndivyo vinavyoamua kiasi gani kiondoke. Milimita 1 ya maji ni lita 1 kwa kila mita ya mraba, na kuigeuza mvuke kunahitaji megajuli 2.45 hivi za nishati. Siku ya jua kali la kaskazi ikiondoa milimita 5, imetumia megajuli 12 na ushei juu ya mita moja ya mraba, karibu sawa na kuteketeza gramu 400 za mkaa mzuri hapo hapo. Ndiyo maana ukikanyaga udongo mbichi saa saba mchana hauungui mguu. Joto lina kazi nyingine ya kufanya.

Hatua hii ina mwisho wake. Katika udongo wa mchanga huisha baada ya kupotea milimita 2 hadi 7 tu. Katika mfinyanzi huweza kufika milimita 8 hadi 12. Baada ya hapo maji hayapandi tena kwa kasi inayotakiwa, uso unageuka mweupe, na sasa udongo wenyewe ndio unaoamua. Jumla ya upotevu inaanza kufuata kipeuo cha pili cha idadi ya siku: kama siku ya kwanza ya hatua hii umepoteza milimita 3, jumla ya siku nne itakuwa 6, na itachukua siku tisa kufika 9. Jua ni lile lile, lakini mpaka kati ya ukavu na ubichi umeshuka, nao mvuke lazima upenye polepole katika tabaka kavu lililo juu yake kama unavyopenya kwenye kifuniko.

“Namwagilia kila siku, na kila siku pamekauka”

Hili ndilo lalamiko ninalolisikia kuliko yote, na nililisikia kwa mara ya kwanza kutoka kwa bibi jirani yangu anayelima mchicha. Nilimwamkia, akaitikia marahaba huku akinionyesha tuta.

“Mwanangu, ardhi hii inakunywa kuliko ng'ombe. Jana jioni debe zima. Angalia sasa hivi.”

Ilikuwa saa nne asubuhi na uso ulikuwa umeshakuwa rangi ya majivu. Nikamwomba ruhusa, nikachoma panga pembeni ya tuta na kulikata wima kama mtu anavyokata mkate. Ukaonekana mstari mwembamba wenye unyevu, usiofika vidole vitatu, na chini yake mchanga mkavu unaomiminika kama unga. Bibi akainama, akauchota kwa kiganja na kuuachia. “Kumbe chini hapajawahi kupata maji,” akasema.

Hesabu yake ni hii. Tuta lile lina upana wa mita 1 na urefu wa mita 5, hivyo debe la lita 20 linakuwa milimita 4. Mchanga mkavu unahitaji takriban milimita 10 za maji ili kuloa kina cha sentimita 10, kwa hiyo debe moja linalowesha sentimita 4 tu. Na sentimita 10 hadi 15 za juu ndizo hasa zinazokaushwa na jua moja kwa moja. Maji yote ya bibi yalikuwa yanakaa sebuleni mwa jua. Kila jioni alikuwa anauanza upya ule wakati ambao udongo hauna usemi, na kila mchana jua linachukua chake.

Dawa yake si maji zaidi. Ni maji yale yale yaliyokusanywa: debe tatu kila baada ya siku tatu badala ya debe moja kila siku, yanayoshuka hadi sentimita 12 hivi. Uso ukishakauka, unafunga wenyewe, na kinachobaki chini kinaliwa na mizizi.

“Na hizo siku mbili za katikati nikae tu?”

“Ukae, bibi. Ukitaka kazi, nenda kakate makuti.”

Sharti lipo: hii ni kwa mimea iliyokwisha kushika mizizi. Mbegu zilizomwagwa juzi zinaishi katika zile sentimita mbili za juu, nazo zinahitaji kuloweshwa kidogo kidogo mara kwa mara mpaka zikite, hasara ya mvuke ikubaliwe. Na kama udongo wako ni mfinyanzi, muda kati ya kumwagilia na kumwagilia unaweza kuongezeka zaidi.

Kuhusu makuti. Matandazo yanafanya kazi kubwa wakati uso bado ni mbichi, kwa sababu yanauzuia jua na upepo. Uso ukishakauka, faida hiyo inapungua sana, maana udongo umekwisha kujifunika. Wengi hawajui pia kwamba matandazo yanarefusha ile hatua ya kwanza bila kuifuta. Kiangazi kikiendelea wiki nyingi bila tone, tuta lenye matandazo na lisilo nayo hukaribiana katika jumla ya maji yaliyopotea. Ukitandaza, tandaza siku ile ile uliyomwagilia. Ukisubiri pakauke ndipo uweke, umefunika sufuria iliyokwisha kuchemka. Makuti makavu huku kwetu huita mchwa, basi yakatekate na uyaweke mbali kidogo na shina.

“Juu pamekauka kabisa, lakini nikichimba chini pabichi”

Hakuna hitilafu hapo, udongo unakulindia maji. Usimwagilie kwa kuona rangi ya uso. Chimba kidogo, kama kidole cha shahada kinagusa ubichi kabla hakijaisha, subiri.

“Uso haukauki, hata wiki mbili bila mvua, na mimea inakufa”

Dalili hii naiona upande wa mikoko, na watu huifurahia mwanzoni wakidhani wamepata shamba lenye rutuba ya maji. Maana yake ni kwamba maji ya ardhini yako karibu, pengine chini ya mita moja, na mfinyanzi unayapandisha bila kukoma. Uvukizi haujatoka katika hatua ya kwanza. Utaona asubuhi uso unang'aa, na baada ya siku kadhaa vumbi jeupe linatokeza kwenye vilele vya matuta kwanza, kwa sababu kilele ndicho kinachopigwa na upepo zaidi.

Mvuke unaondoka safi, chumvi inabaki. Tuseme maji yanayopanda yana gramu 2 za chumvi kwa lita. Milimita 5 kwa siku ni lita 5, yaani gramu 10 kwa mita ya mraba kila siku, na katika siku 100 ni kilo nzima ya chumvi juu ya eneo unaloweza kulifunika kwa mkeka. Wenye mabwawa ya chumvi katika pwani yetu wanafanya jambo hilo hilo kwa makusudi, na wanaombea jua.

Njia rahisi ya kuhakikisha: chota maji ya kisima chako, weka vijiko vichache kwenye sahani nyeupe safi, iache juani mpaka ikauke. Fanya hivyo pia kwa maji ya mvua pembeni yake. Ukoko ukionekana kwenye moja tu, umepata jibu. Kujua kiasi hasa peleka udongo maabara. Kituo cha utafiti cha Mlingano kule Muheza kinashughulika na udongo kwa miongo mingi.

Kumwagilia kidogo kidogo hapo kunaongeza ugonjwa. Chimba mitaro ya kushusha maji, panda ubavuni mwa tuta badala ya kileleni, funika uso wakati wote, na iache masika ioshe. Mvua kubwa ya Aprili inafanya kazi ambayo ndoo zako haziwezi. Chumvi ikishafanya ukoko mgumu utaona pia uvukizi unapungua, ukadhani mambo yametengemaa. Ukoko umeziba tu, chini yake bado ni yale yale.

Bomba la kupimia uvukizi: namba zinapokataa

Kipimo hiki kila mtu anaweza kukitengeneza. Chukua bomba la plastiki la inchi nne, kata kipande cha sentimita 15, kinoe mdomo wa chini, kigongomee taratibu ardhini kwa nyundo ukiwa umeweka ubao juu. Kichimbue na udongo wake ndani bila kuuvuruga, ziba chini, futa nje, pima uzito. Kirudishe katika shimo lake mdomo ukiwa sawa na ardhi, na upime tena kesho saa ile ile. Kama kipenyo cha ndani ni sentimita 10, eneo ni sentimita za mraba 78.5, hivyo kila gramu 7.85 zilizopungua ni milimita 1. Mizani inayosoma gramu moja moja inatosha kabisa.

*Uzito umepanda usiku.* Hewa ya pwani usiku imejaa unyevu. Umande unashuka, na udongo uliokauka sana unafyonza mvuke kutoka hewani hata bila umande. Gramu 2 au 3 ni kawaida, ziandike kama zilivyo. Zikiwa 15, tafuta maji yaliyonasa kati ya bomba na kizibo, mchanga ulioganda ubavuni, au konokono aliyelala ndani. Mimi nimemkuta konokono.

*Namba zinarukaruka bila mpangilio.* Mizani ndiyo ya kwanza kushukiwa. Jaza chupa mchanga mkavu, ifunge kabisa, iandike uzito wake, na uipime kila siku kabla ya kupima bomba. Chupa ikibadilika, mizani inadanganya: betri imechoka, ilikaa juani, au upepo unaisukuma.

*Siku mbili za kwanza ziko sawa, kuanzia ya tatu bomba linasoma chini kuliko shamba.* Umeziba chini, kwa hiyo maji ya ndani hayapati nyongeza kutoka tabaka za chini kama udongo wa jirani. Mwaga udongo huo, chukua mwingine mpya. Kwa kina cha sentimita 15 mimi sipitishi siku mbili. Ukitaka muda mrefu, tumia bomba refu.

*Linakauka haraka kupita kiasi.* Angalia kama mdomo umebaki juu ya ardhi na kupigwa jua ubavuni. Angalia pia kama ulitumia kopo la bati. Bati linapitisha joto kutoka juu kwenda chini na kuupasha udongo ambao jua lisingeufikia, wakati plastiki haifanyi hivyo kwa kiasi cha kusumbua. Na kama ulijaza udongo kwa mkono, basi hupimi tena shamba lako, unapima udongo uliouvuruga.

*Sufuria ya uvukizi ya kituo inasema 6, bomba linasema 1.* Vyote viwili vinaweza kuwa kweli. Ile sufuria ya kawaida ya vituo vya hali ya hewa, yenye kipenyo cha sentimita 120.7 na kina cha sentimita 25 hivi, haikaukiwi: iko katika hatua ya kwanza milele. Inakwambia kiu ya hewa. Bomba linakwambia ardhi imetoa nini. Ikiwa ni siku ya kumi bila mvua, tofauti hiyo ndiyo inayotakiwa.

“Kipimajoto cha sentimita 20 kimeharibika, usiku kinasoma joto kuliko mchana”

Kijana mmoja aliniletea kipimajoto chake kimefungwa kwenye gazeti, tayari kwa kutupwa. Kilikuwa kizima. Hiki ndicho kipande ninachokipenda kuliko vyote katika kazi hii, nitakaa nacho kidogo.

Joto la jua linaingia ardhini kama wimbi, na wimbi hilo linafanya mambo mawili kadiri linavyoshuka: linapungua nguvu na linachelewa. Katika mchanga mkavu, kwa kila sentimita 8 linabaki na asilimia 37 tu ya nguvu yake na limechelewa saa 3 na dakika 50 hivi. Katika mchanga uliolowa kabisa, umbali huo ni sentimita 14. Sasa chukua sentimita 20. Kama uso ulifikia kilele saa saba mchana, katika mchanga mkavu kilele kitafika chini saa nne na nusu usiku. Katika mchanga mbichi kitafika saa kumi na mbili na nusu jioni. Kwa hiyo kipimajoto cha kijana kilikuwa kinatoa habari mbili kwa wakati mmoja, joto na ukavu wa njia nzima iliyo juu yake. Mvua ikinyesha, kilele chake kinasogea mapema. Udongo ukikauka, kinarudi usiku.

Udongo halisi haufanani juu na chini, kwa hiyo saa hizo zichukue kama kipimo cha kulinganishia, usizigombanie kwa dakika. Lakini kama kipimajoto cha sentimita 20 kinafikia kilele saa nane mchana sambamba na cha juu, hapo sasa pana hitilafu ya kweli. Sababu karibu kila mara ni mojawapo ya hizi: kishikio cha chuma kinachokaa juani kinateremsha joto moja kwa moja hadi ncha; shimo lilitobolewa pana na kuna hewa kandokando; au maji ya mvua yanashuka kwa kufuata shina la kipimajoto. Chimba upya. Ingiza ncha kwa ubavu, ukitokea ukutani mwa shimo, si kwa kutoboa kutoka juu. Kisha rudisha udongo kwa mpangilio wake ule ule na uushindilie kwa vidole.

Vina vinavyotumika na vituo vya hali ya hewa duniani ni sentimita 5, 10, 20, 50 na 100, na ukivifuata utaweza kulinganisha namba zako na za wengine. Kile cha sentimita 5 ndicho kitakachokutesa. Uso mkavu mchana wa kaskazi unaweza kuvuka nyuzi 50, na chini yake joto linashuka haraka, hata nyuzi 2 kwa kila sentimita. Vipimajoto viwili vilivyotofautiana nyuzi 3 vinaweza kuwa vizima vyote, kimoja kimezama sentimita moja na nusu zaidi. Baada ya kila mvua kubwa pima tena kina kwa rula, maana mchanga wetu unahama na kile ulichokizika sentimita 5 unakikuta kiko 3.

Na kabla hujalinganisha, angalia kivuli. Mnazi mmoja unaotupa kivuli saa tisa alasiri juu ya kimoja na si kingine umeshaharibu mchana mzima.

Kisahani cha mtiririko wa joto: “hesabu haifungi”

Kisahani hiki ni kipande bapa chenye upana wa kiganja, kinachozikwa kimelala. Joto linapopita ndani yake, upande mmoja unakuwa na joto kidogo kuliko mwingine, na tofauti hiyo inatoa umeme mdogo. Nilichoazimwa kimeandikwa mikrovolti 60 kwa kila wati moja ya mita ya mraba, hivyo nikisoma milivolti 6 najua ni wati 100.

*Mchana kinasoma hasi, usiku chanya.* Kimezikwa kifudifudi au waya zimebadilishwa. Usikifukue: badilisha alama kwenye hesabu, na uandike daftarini kwamba umefanya hivyo, la sivyo mwenzako atabadilisha tena.

*Kinasoma kidogo mno.* Hapa ndipo wengi wanapokwama. Kisahani kinazikwa sentimita 8 hivi, kwa sababu kikiwa karibu na uso kinaziba njia ya maji na mvuke, na udongo wa juu yake unakauka tofauti na jirani zake. Lakini zile sentimita 8 za juu nazo zinapashwa, na joto linalobaki humo halifiki kwenye kisahani. Lazima ulihesabu pembeni. Mchanga wenye asilimia 10 ya maji kwa ujazo unahitaji takriban megajuli 1.6 kupanda nyuzi 1 kwa kila mita ya ujazo. Tabaka la sentimita 8 likipanda nyuzi 2 kwa saa moja, limehifadhi wati 71 kwa mita ya mraba. Kama kisahani kimesoma 40, mtiririko wa kweli usoni ni 111. Asiyehesabu hifadhi hiyo amepoteza zaidi ya nusu na kulaumu kifaa. Weka vipimajoto viwili, sentimita 2 na sentimita 6, juu ya kisahani lakini pembeni kidogo, uchukue wastani wao, na usisahau kupima unyevu, kwa kuwa maji yanabeba sehemu kubwa ya hifadhi hiyo.

*Baada ya mvua kinasoma tofauti kabisa, ingawa mawingu ni yale yale.* Mchanga mkavu unapitisha joto kwa kiwango cha wati 0.3 kwa kila mita na kila nyuzi 1, uliolowa kabisa unafika 2.2, karibu mara saba. Kisahani chenyewe hakibadiliki, kiko hapo katikati, kama 0.8. Udongo ukiwa mkavu joto linakikimbilia kwa kuwa ndiyo njia rahisi, nacho kinasoma juu ya ukweli. Ukiwa mbichi joto linakizunguka, nacho kinasoma chini. Upo usahihisho wa hesabu kwa hili, lakini unadai ujue upitishaji wa udongo wako siku hiyo, ukavu au ubichi.

*Umehesabu yote, na bado joto limepotea kila asubuhi baada ya siku ya tatu ya ukavu.* Rudi kwenye swali la mwanzo. Mpaka wa ukavu umeshuka, tuseme uko sentimita 2. Joto limeingia kwa uso, likafika sentimita 2, na hapo likatumika kugeuza maji kuwa mvuke. Halikupasha udongo, kwa hiyo vipimajoto havikuliona. Halikufika sentimita 8, kwa hiyo kisahani hakikuliona. Ukiliita kosa, umelitupa jibu ulilokuwa unalitafuta: lile pengo ndilo uvukizi wenyewe, unaofanyika chini ya uso. Na ukihesabu joto hilo kama limeingia ardhini, kisha ukaongeza uvukizi uliopimwa kwa bomba, umelihesabu mara mbili.

Watafiti wamelifanya pengo hilo kuwa kipimo. Wanatumia sindano tatu zilizopangwa sambamba kwa milimita chache; ya kati inapashwa kwa sekunde chache, na za pembeni zinasikiliza joto linafika lini na kwa nguvu gani. Kwa kuziweka kina baada ya kina wanajua joto lililoingia katika kila tabaka, lililotoka na lililohifadhiwa. Kinachobaki kimeondoka na mvuke. Njia hiyo haioni kitu wakati uso bado ni mbichi, kwa sababu uvukizi uko juu ya sindano ya kwanza. Hapo bomba la inchi nne na mizani ya jikoni vinaishinda. Mimi natumia bomba siku tatu za mwanzo baada ya mvua, nikibadilisha udongo wake kabla siku mbili hazijapita, kisha nasoma pengo la joto.

*Mstari bapa, sifuri tupu, usiku na mchana.* Hiyo ni waya. Pima ukinzani wa kisahani kwa mita: kilicho kizima huonyesha omu chache, kilichokatika huonyesha hakuna njia. Hewa yetu ya chumvi inakula viungio, kwa hiyo fungua kila kiungio, kikwangue kutu ya kijani, kipake grisi. Kama viungio ni safi, fukua waya kuanzia kwenye kinasa data kuelekea kisahani, si kinyume chake. Kwangu mara zote mbili mkato ulikuwa ndani ya hatua mbili za kwanza, pale waya unapotoka kwenye boksi na panya kupata pa kupita.